Mchezo wa gololi wa Ghuba ya Winam: leza ikate nini, printa ichape nini, seremala abaki na nini?

Mwalimu wa Nyamasaria ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha somo la Pre-Technical gredi ya 8 huku Nyamasaria, Kisumu. Klabu yetu ya ufundi imeamua kutengeneza mchezo wa mezani wa siku ya wazazi, ule ambao gololi inateremka katikati ya vijiti, inagonga huku na huku, mwishowe inaingia kwenye kijumba chenye alama. Nilidhani watachora ubao wa kawaida tu. Wameniletea Ghuba ya Winam nzima, ule mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu! Gololi ni boti inayorudi nyumbani. Inaingilia juu, kwenye ule mlango wa maji kati ya Mbita na Luanda Kotieno, inashuka, Homa Bay na Kendu Bay zikiwa mkono wa kushoto wa mchezaji na Asembo Bay mkono wake wa kulia, na chini kabisa ndiyo gati ya Kisumu. Vijiti vya kuizuia ni gugumaji. Karibu na Dunga kuna kiboko kaachama. Boti ikiingia kinywani, imekwenda.

Nataka kazi hii itoke kama walivyoichora. Vifaa tunavyoweza kufikia ni hivi: kuna duka mjini linalochonga mihuri na vikombe vya tuzo, mwenyewe amekubali kutukatia kwa leza, ila mashine yake inalaza ubao wa milimita 300 kwa 200 tu. Mzazi mmoja ana printa ndogo ya 3D nyumbani. Nina pia kipande kikubwa cha marine board (plaiwudi ya kuzuia maji) ya milimita 12 kilichobaki kwenye ujenzi wa darasa, ile yenye ngozi laini ya hudhurungi. Pesa za klabu ni kidogo, kwa hivyo sitaki kuharibu ubao wala kurudi dukani kila siku.

Naomba mnielekeze niipange kazi vipi. Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hayo yote: mwalimu mkuu ameuona mchoro akaniuliza, "Hii si kamari?" Mtaa wetu ulisumbuliwa sana na zile mashine za kutumbukiza sarafu, na watoto walipoteza hela za chakula humo. Sikuwa na jibu la kumtosha.

Kijana wa Milimani:

Mwalimu, hii ni rahisi. Chora yote kwenye Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ni ya bure, hifadhi kama SVG (faili la mchoro wa mistari), gawanya ubao vipande vinne uvikate kwa leza kisha uviunganishe kwa gundi. Vijiti vyote chapisha. Wikendi moja imeisha.

Fundi wa Mihuri, Kisumu:

Mwalimu, pole na kazi. Mimi nachonga mihuri na vibao vya majina kwa leza ya ukubwa huohuo ulioutaja, na michezo ya watoto ya mbao naipenda kuliko kazi yoyote inayopita mezani kwangu. Niruhusu niandike kwa urefu. Kijana wa Milimani amekuonyesha njia ya Inkscape na hapo yuko sawa, lakini kwa mashine ndogo kama hii mpango wake utakuletea taabu.

Kwanza, hiyo marine board usiipeleke kwenye leza. Tabaka zake zimeshikanishwa kwa gundi ya kuzuia maji, gundi ile nyeusi unayoiona ubavuni kama mistari. Mwali wa leza ukifika pale hauikati, unaigeuza makaa. Utaongeza nguvu, utarudia mara ya pili na ya tatu, kingo zitaungua, moshi utajaa, na bado kipande hakitachomoka. Wala milimita 12 si kazi ya mashine ya mihuri. Ubao wa leza ni plaiwudi ya milimita 3 ya matumizi ya ndani, au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 3. Akriliki nayo, ile plastiki ngumu kama kioo, inakatika vizuri sana kwa leza ya CO2.

Kuna kitu kimoja ambacho nakuomba usikubali hata ukipewa bure: vile vibao vyeupe vyepesi vya mabango. Vingi ni PVC, aina ya plastiki. PVC ikichomwa na leza inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Itaingia kwenye mapafu ya watoto na itaozesha vyuma vya mashine ya huyo mwenye duka aliyewafadhili. Vivyo hivyo ngozi bandia. Kama hujui kitu kimetengenezwa kwa nini, kisiingie kwenye leza.

Sasa, marine board yako ni mali. Ngozi yake ile laini ndiyo uwanja bora wa gololi. Ukigawanya uwanja vipande vinne, kila kiungo kitakuwa kituta, na gololi itakuwa ikirukia upande uleule kila mara. Watoto watagundua haraka kuliko sisi. Nenda soko la Kibuye, umwombe seremala akukatie kipande kimoja cha milimita 600 kwa 400, pembe zake ziwe za mraba kamili. Basi. Hapo msumeno unaishinda leza.

Leza tuiachie kazi ambayo mkono wa mtu hauiwezi: kurudia kipimo kilekile mara sitini bila kuchoka. Namaanisha matundu ya vijiti. Usiyatoboe kwa kukisia kwa rula. Kata kiolezo cha MDF cha milimita 290 kwa 190 chenye matundu yote kwa mpangilio, na kwenye pembe zake uweke matundu mawili mawili ya kushikizia. Unakilaza juu ya marine board, unatoboa kwa drili kupitia humo, unakihamisha, unachomeka vijiti viwili kwenye matundu ya mwisho uliyotoboa ili kikae palepale, unaendelea. Mpangilio hautapinda hata kama ni watoto kumi wanaopokezana drili. Weka kipande cha mkanda kwenye kekee ya drili kuonyesha kina cha milimita 8, wasije wakatokea upande wa pili.

Nafasi kati ya vijiti: gololi za kawaida za dukani zina kipenyo cha karibu milimita 16. Kwa kijiti cha milimita 3, weka milimita 24 kutoka kitovu hadi kitovu. Hapo unabaki na uwazi wa milimita 21, gololi inapita bila kukwama na bado inagonga. Mstari unaofuata usogeze nusu, yaani milimita 12, na kutoka mstari hadi mstari uwe milimita 21 hivi, ili vijiti vitatu jirani vifanye pembetatu yenye pande sawa. Vijiti vyenyewe usivichapishe. Kijiti chembamba kilichochapwa kikiwa kimesimama kinavunjika kwenye tabaka, hasa kikigongwa na gololi ya kioo siku nzima. Nunua pakiti ya vijiti vya mishikaki vya mianzi. Kata kila kimoja milimita 20: nane ndani ya ubao, kumi na mbili nje.

Lakini pima kwanza! Vijiti vya mishikaki havilingani, wala plaiwudi iliyoandikwa milimita 3 si lazima iwe 3. Azima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Na ukumbuke mwali wa leza una unene wake, unakula kama sehemu mbili za kumi za milimita, kwa hivyo tundu ulilochora 3.0 litatoka karibu 3.2. Kabla ya kitu kingine chochote, chora kibao kidogo chenye matundu ya 2.5, 2.6, 2.7 hadi 3.2, kila tundu na namba yake ubavuni, ukikate kutoka kwenye ubao uleule utakaotumia. Chomeka mambo yote ya mchezo humo: kijiti, kekee ya drili, skrubu. Tundu linaloshika vizuri ndilo namba yako. Kibao hicho hakimalizi dakika mbili kwenye mashine na kitakuokolea shiti nzima.

Ufuo wa ziwa ndio utakaofurahisha. Fuateni ramani, mchore mwambao kwa vipande visivyozidi milimita 290, mkate kila kipande nakala nne za plaiwudi ya milimita 3, mzibandike moja juu ya nyingine kwa gundi nyeupe ya mbao. Mnapata ukuta wa milimita 12. Ukuta wa gololi ya 16 lazima upite 8, yaani nusu ya gololi, la sivyo gololi inaupanda. Zile tabaka nne zikionekana ubavuni zinapendeza zenyewe, msizipake rangi.

Kitu cha mwisho ambacho wengi hawakifikirii: gololi hazilingani. Kata kibao chenye matundu mawili, moja la 15.5 na jingine la 16.2. Gololi inayopita kwenye dogo, ni ndogo mno. Isiyopita kwenye kubwa, ni kubwa mno. Zinazobaki katikati ndizo za mashindano. Mtoto akilalamika kwamba mwenzake amepewa gololi nzuri, kibao kiko pale, apime mwenyewe.

Mama Printa, Nakuru:

Fundi amemaliza mengi, niongeze ya printa tu.

Mzazi huyo akiwa anatumia PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa, mwambie vipande visiachwe kwenye gari lililofungwa juani. PLA inaanza kulegea karibu nyuzi 60, na gari likisimama juani Kisumu mchana, dashibodi inafika huko. PETG, plastiki nyingine ya printa, inavumilia hadi karibu 80, ila ni ngumu zaidi kuichapa kwa mtu anayeanza. Kwa mchezo wa mezani PLA inatosha, mradi meza iwe chini ya hema. Na kwa vile mko karibu na ziwa, ule uzi wa plastiki ambao printa inauyeyusha ukikaa wazi unavuta unyevu hewani na printa inaanza kutoa nyuzinyuzi kama utando. Ufungieni kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Ningechapa vitu vitatu tu. Kiboko, akiwa amelala chali kinywa juu, ili visihitajike vishikizo vya ndani ambavyo ni shida kuvitoa. Gugumaji, maua ya kijani yenye tundu la milimita 3.5 katikati, ya kuvisha baadhi ya vijiti; yakilegea kidogo yatazunguka gololi inapoyagonga, kama gugumaji halisi linavyozungushwa na upepo. Na kishikio cha kurushia gololi, kama mtaweka mtambo wa kuirusha. Hicho kilazeni kwenye printa, kisisimame, kwa sababu kinavutwa kwa nguvu na tabaka zikiwa za kukatiza kitachanika palepale. Tabaka za milimita 0.2, kujaza ndani asilimia 20, hakuna haja ya zaidi.

Kiboko tafadhali mchapeni mkubwa. Watoto wadogo watamjia yeye.

Mwalimu wa Hesabu, Maseno:

Mimi nimevutwa na swali la mwalimu mkuu, kwa sababu ni swali zuri na linastahili jibu la namba.

Ubao wa vijiti ambao gololi inaachiliwa tu kutoka juu ni bahati tupu. Francis Galton wa Uingereza aliutumia katika karne ya 19 kuonyesha jambo hilohilo. Kwenye kila kijiti gololi inakwenda kushoto au kulia. Ukiwa na mistari 8 ya vijiti, kuna njia 256 za kushuka, na vijumba 9 chini. Kijumba cha katikati kinafikiwa kwa njia 70. Vinavyofuata kila upande ni 56, halafu 28, halafu 8, na kile cha pembeni kabisa ni njia moja tu. Moja kati ya 256. Sasa fikiria mtu akiweka zawadi kubwa pembeni. Mtoto anaiona iko pale, karibu kabisa, haonekani kuzuiwa na kitu chochote. Anajaribu tena, na tena. Macho yanamwambia vijumba tisa ni sawa, na mwenye mchezo anajua si sawa. Hiyo ndiyo dhuluma ya mashine mlizoziona mtaani: nafasi zimefichwa.

Kwa hivyo nina mapendekezo mawili, na yote ni kazi ya darasani.

La kwanza, msiachilie gololi, irusheni. Weka njia nyembamba ubavuni kutoka Kisumu kwenda juu mpaka Mbita, na mtoto avute mpira aachie. Hapo nguvu ya mkono inaamua boti itaingilia wapi, na mtoto akirudia anaboresha. Mchezo unakuwa wa kulenga. Bandari za pembeni, kama Homa Bay na Kendu Bay, zifikiwe na aliyejifunza kiasi cha kuvuta.

La pili, alama zisipangwe na mwalimu. Watoto warushe gololi 100, waandike kila moja imeingia wapi. Bandari iliyopata 40 ipewe alama 1. Iliyopata 10 ipewe alama 4, kwa sababu 40 mara 1 ni sawa na 10 mara 4. Iliyopata 5 ipewe 8. Kisha jedwali hilo libandikwe kando ya ubao siku ya wazazi, kubwa, lisomeke kwa mbali. Mwalimu mkuu akija, mwonyeshe jedwali. Mchezo ambao mwenye kucheza anajua nafasi zake kabla hajaanza, na ambao hakuna anayetoa hela kucheza, sioni kamari iko wapi.

Hilo la hela nalisisitiza. Kama mnachangisha, sanduku la mchango likae mlangoni, na kila mtoto apewe gololi tano sawa, awe mzazi wake ametoa au hajatoa.

Mwalimu wa Nyamasaria:

Asanteni sana, sana. Nimesomea klabu majibu yenu leo mchana. Hoja ya njia moja kati ya 256 iliwanyamazisha, halafu msichana mmoja akasema kaka yake alikuwa akicheza ile mashine, na sasa anataka kwenda kumwonyesha hesabu. Nimempa karatasi ya kuinakili.

Tumekubaliana: tunarusha, hatuachilii. Gololi tano kila mtoto, sanduku mlangoni. Mwalimu mkuu ameomba jedwali liandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo ili nyanya watakaokuja na wajukuu wasome pia.

Fundi, nimebaki na mawili. Ubao niuinamishe kiasi gani? Na mtambo wa kurusha nitumie springi gani? Za kalamu ni dhaifu.

Fundi wa Mihuri, Kisumu:

Mwalimu wa Hesabu, nimefurahi kukusoma. Kazi ya mikono bila hayo uliyoeleza ingekuwa nusu.

Mwinamo: mashine kubwa za mpira wa kurusha (pinball) huinamishwa nyuzi 6.5 hivi. Kwa ubao wako wa milimita 600, inua upande wa Mbita milimita 68, utakuwa palepale. Kata miguu miwili ya nyuma kwa leza, uitoboe matundu matatu ya kimo: 55, 68 na 80. Wadogo wacheze na mwinamo mdogo, gololi inashuka taratibu wanaifuata kwa macho. Usisahau kwamba ukibadilisha mwinamo, jedwali la gololi 100 linabadilika pia, kwa hivyo kila kimo kiwe na jedwali lake.

Springi usinunue. Wazo la kurusha gololi kwa springi ni la zamani, Montague Redgrave wa Cincinnati, Marekani, alipewa hataza ya mchezo wa namna hiyo mwaka 1871, na tangu hapo tatizo ni lilelile: springi mbili hazifanani, na ikilegea huna nyingine. Tumia mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ule watoto wanaotengenezea manati. Ukate ukanda wa upana wa milimita 10, uubane kwa skrubu mbili kila upande wa njia, katikati uufunge kwenye kishikio cha Mama Printa. Ukilegea unakata mwingine. Muhimu ni kipimo: kando ya njia chonga kwa leza mistari kuanzia 1 hadi 10, mtoto aone amevuta hadi wapi. Bila mistari hiyo hawezi kurudia alichofanya vizuri, na bila kurudia hakuna kujifunza kulenga.

Kona ya juu, pale gololi inapogeuka kuingia ziwani, ndipo mchezo unapoharibika au kupona. Isiwe pembe. Iwe upinde mmoja, nusu kipenyo chake kisipungue milimita 80, ukatwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Upige msasa mwembamba ubavu wa ndani kutoa masizi ya leza, na baadaye upake vanishi kidogo.

Ukipeleka faili dukani, chochote cha kukatwa kiwe mstari mwekundu mwembamba, na cha kuchongwa juu kama majina ya bandari kiwe cheusi. Maandishi yabadilishe yawe michoro kabla ya kuhifadhi, kwa sababu kompyuta ya duka huenda haina fonti yako na Luanda Kotieno itatoka kama vigae. Andika pia ukubwa wa kazi nzima ndani ya faili, milimita ngapi kwa ngapi, kwani programu nyingine hufungua SVG kwa kipimo tofauti. Na kwa kuanzia usipeleke mchezo. Peleka kile kibao cha matundu ya majaribio pamoja na kipande cha ubao wako na kijiti kimoja cha mshikaki.

Mwalimu wa Nyamasaria:

Sawa, fundi. Wawili wao wanakwenda dukani kesho baada ya masomo wakiwa na kibao cha majaribio kwenye flashi. Kalipa tumeazima kwa fundi wa pikipiki hapa stendi, ametupa sharti moja, irudi kabla ya giza.